Kumkuza Mtu Unayemwongoza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ukitaka kujua kama kiongozi anawathamini watu wake, achana na hotuba yake ya kufunga mwaka. Tazama muda wake unakwenda kwa nani, halafu tazama kazi nzito na zenye heshima anampa nani. Mambo hayo mawili hayadanganyi kwa kuwa yote yanamgharimu: muda ukishapita haurudi, na kazi aliyomwachia mwingine ikiharibika, lawama zinamwangukia yeye. Kumwambia mtu "tunakuthamini" huku hujawahi kumwachia jambo lolote la maana ni kumpa maneno matupu, naye anajua.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza watu anaowafahamu kwa majina: msimamizi wa zamu, mkuu wa idara, mwalimu mkuu, muuguzi kiongozi, mwenyekiti wa kikundi. Hauhitaji bajeti ya mafunzo. Unahitaji daftari, saa kadhaa kila wiki, na moyo wa kuvumilia kazi ifanywe kwa namna tofauti na yako.

Kabla ya hatua yoyote, jipime. Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi karibu miaka 40 katika kampuni ya simu ya AT&T, aliandika mwaka 1970 kuhusu kiongozi aliye mtumishi, akaweka kipimo kigumu: je, wanaoongozwa wanakua? Wanapata hekima zaidi, wanajitegemea zaidi, nao wanaelekea kuwa watumishi wa wengine? Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakimwulizi kiongozi nia yake. Kinatazama watu wake. Kwa hiyo chukua daftari, andika majina yote, na kando ya kila jina jibu swali moja: mwaka jana huyu hakuweza nini ambacho leo anakiweza? Jina likikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Kaa na kila mmoja, uijue kazi yake

Panga kikao cha nusu saa na kila mtu, ninyi wawili tu. Mwambie mapema kikao ni cha nini, maana mtu akiitwa na mkubwa wake bila maelezo hukosa usingizi. Mweleze wazi kwamba hukagui wala hutafuti kosa. Unataka kuiona kazi yake kama anavyoiona yeye. Kisha uliza, unyamaze, usikilize. Maswali matatu yanatosha:

- Ni sehemu gani ya kazi yako inayokuchosha bila sababu ya msingi?
- Una ujuzi gani ambao hapa hakuna anayeutumia?
- Miaka miwili ijayo ungependa uwe unafanya kazi gani?

Swali la tatu hujibiwa kwa tahadhari. Wengi watakupa jibu wanalodhani unalitaka, hasa kama kiongozi aliyekutangulia aliwahi kuyageuza majibu ya namna hiyo kuwa silaha. Usimbane mtu. Liulize tena baada ya miezi michache, atakapokuwa ameona umelifanyia nini jibu la swali la kwanza. Wapo pia watakaosema wameridhika na nafasi waliyo nayo, na hao wana haki ya kuaminiwa. Fundi asiyetaka cheo anaweza kuwa fundi bora zaidi na kuwafundisha wanaochipukia. Huko nako ni kukua.

Kila mtu awe na ukurasa wake katika daftari. Andika aliyosema kwa maneno yake mwenyewe. Halafu, kabla wiki haijaisha, ondoa kikwazo kimoja kati ya alivyovitaja: fomu inayojazwa mara mbili, kifaa kibovu, idhini inayolala mezani kwako siku tatu. Usidharau udogo wake. Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua karibu maandishi 12,000 ya shajara za kila siku za wafanyakazi 238, wakaona kwamba jambo lililowapa watu siku njema kazini kuliko mengine ni kuona kazi yenye maana imesogea, hata kwa hatua fupi. Walipowauliza mameneja ni nini hasa kinawapa watu ari, kusogea huko kwa kazi ndiko walikokuweka mwisho katika orodha.

Hatua ya 2: Kagua unavyowaona

Mwaka 1982 Dov Eden na Abraham Shani walichapisha utafiti walioufanya katika jeshi la Israel. Wakufunzi waliambiwa kwamba baadhi ya wanafunzi wa kozi yao wana uwezo mkubwa wa uongozi. Wasichokijua ni kwamba majina hayo yaliteuliwa kwa bahati nasibu. Kozi ilipokwisha, waliotajwa kuwa na uwezo mkubwa walipata alama za juu kuliko wenzao kwenye mitihani. Mkufunzi anayetarajia makubwa kwa mtu humfafanulia zaidi, humsubiri ajibu, humpa swali gumu. Asiyetarajiwa kitu hupewa kazi nyepesi, na baadaye wepesi huohuo huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba hawezi.

Hili linatokea katika kila kundi la kazi, na mara nyingi bila nia mbaya. Tangu miaka ya 1970 George Graen na wenzake walionyesha kwamba viongozi wengi hujikuta na watu wa ndani na watu wa nje: wa ndani hupata taarifa, nafasi na imani, wa nje hupata maagizo. Na wa ndani huingiaje? Aghalabu ni wale wanaofanana na kiongozi, wanaoongea vizuri kwenye vikao, wanaobaki jioni. Mkimya, mzazi anayewahi mtoto shuleni, anayefanya kazi tawi la mbali, hawa huachwa nyuma hata kama mikono yao ni mizuri zaidi.

Rudi kwenye orodha yako. Kwa kila jina andika kazi mpya ya mwisho uliyompa, na mara ya mwisho ulipomwomba ushauri ukaufuata. Utaona majina mawili matatu yamejaa, na mengine yana nafasi tupu. Kazi nzuri itakayofuata mpe mmoja wa wenye nafasi tupu. Usiifanye kwa huruma. Mpe kwa matarajio yaleyale unayompa mtu wako wa karibu, na umwambie hivyo.

Hatua ya 3: Fundisha mpaka aweze

Kumkabidhi mtu kazi asiyoijua kisha kumkemea anapoiharibu ni dhuluma, hata ikiitwa "kumpa changamoto". Fundisha kwanza.

Njia ninayoiamini ni ya zamani. Kati ya mwaka 1940 na 1945, wakati viwanda vya Marekani vikipokea mamilioni ya watu wasiowahi kushika mashine, serikali iliendesha mpango wa mafunzo kazini uliowafikia watu zaidi ya milioni 1.6. Wasimamizi walifundishwa hatua nne, na baada ya vita Toyota iliuchukua utaratibu huo na kuujengea misingi ya ufundishaji wake. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Mwandae. Mweke mtu katika utulivu, uliza anajua nini tayari, mweleze kazi hii inamfaa nani na inaharibu nini ikikosewa.
2. Mwonyeshe. Fanya mbele yake polepole, ukitaja kila hatua, jambo la kuzingatia ndani ya hatua hiyo, na sababu yake. Sababu ndiyo inayosahaulika sana. Mtu asiyejua kwa nini hatua fulani ipo ataiacha siku ya haraka.
3. Mwache ajaribu. Afanye mwenyewe huku akikueleza anachofanya na kwa nini. Rudieni mpaka uwe na hakika kwamba amejua.
4. Mfuatilie. Mwachie kazi, mwambie amwendee nani akikwama, mpitie mara nyingi mwanzoni, halafu upunguze.

Mpango huo ulikuwa na kanuni moja ambayo ningependa kila msimamizi aijue kwa moyo: kama mwanafunzi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha.

Semina na kozi zina nafasi yake, ila mtu aliyetoka kozini asipokuta kazi ya kuutumia ujuzi wake ndani ya wiki chache, ujuzi huo unapotea. Kabla hujamtuma kokote, kubalianeni akirudi atafanya nini.

Hatua ya 4: Mwachie kazi ya kweli

Hapa ndipo viongozi wengi wanaposhindwa, kwa sababu inayoeleweka. Wengi wetu tulipewa uongozi kwa kuwa tuliifanya kazi vizuri kuliko wengine. Mkono umezoea. Ripoti ikija na kasoro, ni rahisi kuisahihisha mwenyewe kwa dakika kumi kuliko kutumia saa nzima kumwelewesha aliyeiandika. Lakini kesho kasoro ileile itarudi, na keshokutwa, na mwenzako ataendelea kuamini kwamba kumalizia kazi ni jukumu lako. Watafiti wa Google walianza mwaka 2008 kuchunguza kama mameneja wana umuhimu wowote, wakapata orodha ya tabia nane za meneja bora. Ya kwanza ilikuwa kuwa mkufunzi mzuri wa watu wake. Ujuzi wa kitaalamu wa kuifanya kazi yenyewe ulikuja wa mwisho. Haina maana kwamba ujuzi si kitu. Una kazi yake, lakini haukuzi watu kama umebaki mikononi mwako peke yako.

Chagua kazi ambayo imemzidi mtu kidogo. Ikiwa ndogo mno anajiona anadharauliwa, ikiwa kubwa mno anazama. Kisha zungumzeni mambo haya kabla hajaianza, na myaandike:

*Matokeo.* Eleza kinachotakiwa mwishoni, kwa tarehe na kwa kiwango. Usieleze kila hatua ya katikati kama ameshafundishwa.

*Mamlaka.* Anaweza kuamua nini bila kukuuliza? Anaweza kutumia fedha kiasi gani? Anaweza kumwagiza nani? Kosa kubwa ninaloliona ni kumkabidhi mtu jukumu na kubaki na mamlaka. Anaambiwa aandae mkutano, lakini kila barua lazima ipitie kwako, kila mgeni lazima umkubali wewe. Mkutano ukiharibika, aliyeandaa ni yeye. Huko si kumkuza.

*Watu wengine.* Watangazie wahusika wote kwamba jambo hili sasa liko kwake. Usipofanya hivyo wataendelea kuja kwako, na wewe utajikuta unajibu. Akija mtu, mwelekeze: "Hilo analo fulani, mwone yeye." Hata kama jibu unalo.

*Vituo vya kukutana.* Pangeni siku mtakazopitia kazi pamoja. Vituo hivyo vinakuzuia wewe kumchungulia kila saa, na vinampa yeye mahali pa kuleta mashaka bila kuona aibu.

Imani hupanda kwa ngazi. Mwanzoni anakuletea taarifa, unaamua wewe. Kisha anakuletea pendekezo lake pamoja na sababu, mnaamua pamoja. Baadaye anaamua, anakujulisha kabla ya kutenda. Halafu anatenda, anakujulisha baadaye. Mwambie kwa kila kazi yuko ngazi gani. Mtu mmoja anaweza kuwa ngazi ya juu kwa ratiba na ya chini kwa fedha. Viongozi wengi hawasemi, na hapo ndipo malalamiko ya "hakuniuliza" na "haniamini" yanapozaliwa.

Jiandae kwa siku atakayoingia mlangoni na kusema, "Nimekwama, nifanyeje?" Ukijibu papo hapo, umeichukua kazi. Uliza: umejaribu nini mpaka sasa? Unaona njia zipi? Ungekuwa peke yako ungechagua ipi? Mara nyingi jibu analo, anachokosa ni mtu wa kumwambia "endelea". Kama kweli hana, mfundishe, lakini atoke chumbani akiwa bado ndiye mwenye kazi. Na isipokuwa kuna hatari ya mtu kuumia au hasara isiyorekebishika, usimpokonye kazi katikati. Kupokonywa mbele ya wenzake kunavunja moyo kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Mwambie ukweli kuhusu kazi yake

Watu wengi huzungumziwa kazi yao mara moja kwa mwaka, wakati wa kujaza fomu ya tathmini, na hapo husikia mambo ya miezi tisa iliyopita. Mrejesho wa namna hiyo haumsaidii mtu. Sema siku hiyohiyo au kesho yake, faragha, kuhusu jambo moja.

Lakini tahadhari: kusema tu hakutoshi. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya mwaka 1996 matokeo 607 ya tafiti kuhusu mrejesho. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ulishusha utendaji. Maelezo yao yana mantiki kubwa: maneno yanapoielekeza akili ya mtu kwenye kazi, anarekebisha kazi, yanapoielekeza kwenye nafsi yake, nguvu inakwenda kuilinda nafsi hiyo. Hili linahusu hata sifa.

Linganisha kauli hizi mbili. "Wewe huna umakini" na "Jedwali la pili lina jumla isiyolingana na la kwanza; msomaji atashindwa kuamini mengine yote. Unahakikije jumla kabla ya kutuma?" Ya kwanza inamwacha mtu na jeraha na hajui afanye nini. Ya pili ina kitu cha kushika: kimetokea nini, kina athari gani, na swali linalomrudishia yeye usukani. Vivyo hivyo, "Una akili sana" haimfundishi kitu, lakini "Ulipomwacha mteja amalize kulalamika kabla ya kumjibu, alitulia, endelea hivyo" inamwonyesha cha kurudia.

Usifunike ukweli mgumu kwa pamba nyingi. Ukianza na sifa tatu ili upate pa kuficha lawama moja, mtu ataondoka na sifa tatu. Sema jambo moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida, kisha mpe nafasi ajibu; pengine kuna usichokijua.

Hatua ya 6: Panga mapema utakavyopokea kosa

Amy Edmondson alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990 alitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu zenye uongozi mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalikuwepo pia, yamefichwa.

Kwa hiyo sekunde chache za mwanzo baada ya mtu kukuletea habari mbaya zina uzito mkubwa. Mshukuru kwa kuwahi kusema. Uliza madhara yamefikia wapi na kipi kizuiwe sasa. Baada ya hapo ndipo mtafute chanzo: je, hakufundishwa, kifaa kilikuwa kibovu, alichoka, maagizo yalipingana, au alipuuza kwa makusudi? Hilo la mwisho lina utaratibu wake wa nidhamu, na usilionee haya. Mengine yote ni ya kurekebisha pamoja. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa mstari wa kuunganisha magari anayeona kasoro huvuta kamba kuita msaada, na isipotatuliwa kwa wakati mstari husimama. Kiongozi wa timu anakwenda pale alipo. Kwenda huko, badala ya kumwita mtu ofisini, ni tabia ya kuiga mara moja.

Hatua ya 7: Heshimu jina lake na haki yake

Kazi aliyoifanya itajwe kwa jina lake, hasa mbele ya wakubwa wako na hasa asipokuwepo. Kama ameandaa taarifa, aiwasilishe yeye. Lawama kutoka juu zipokee wewe kwanza, halafu mzungumze ndani.

Na haki zake zisicheleweshwe. Mtu anayefanya kazi ya cheo cha juu kwa mwaka mzima bila kuthibitishwa wala kulipwa ipasavyo hakuzwi, anatumiwa. Kama uamuzi wa malipo hauko mikononi mwako, andika ombi, peleka hoja, mweleze limefikia wapi. Usiahidi usichokuwa na uwezo nacho.

Hatua ya 8: Yule asiyesogea

Yupo utakayemfundisha, ukamwachia kazi, ukamwambia ukweli, na bado asisogee. Usimwache akaozea pembeni huku wenzake wakimbebea mzigo. Jiulize kwanza kama yuko mahali pasipomfaa. Wapo watu waliohamishwa kutoka kazi ya takwimu kwenda kazi ya watu wakachanua. Mpe lengo lililoandikwa, muda unaojulikana, na msaada uliokubaliwa. Muda ukifika, timiza mlichokubaliana, iwe kumhamisha au kumruhusu aondoke. Kumficha ukweli kwa miaka kisha kumshtukiza kwa barua ndiyo njia ya kikatili kuliko zote.

Hatua ya 9: Mwachie aende

Ukiwakuza watu, baadhi wataondoka. Atapata nafasi idara nyingine au taasisi nyingine, na utashawishika kumzuia kwa sababu sasa ndiye nguzo yako. Usimzuie. Mwandikie barua ya kumpendekeza yenye mifano halisi ya kazi zake. Mwombe amfundishe mrithi wake kwa zile hatua nne kabla hajaondoka. Wanaobaki wanakutazama: wakiona aliyekua aliagwa kwa heshima, nao watakubali kukua mikononi mwako, wakiona alinyimwa ruhusa, wataficha ndoto zao, na lile swali la tatu la mwanzo halitapata jibu la kweli tena.

Hata wewe utaondoka siku moja. Makabidhiano ya ofisi kwa kawaida huorodhesha funguo, mafaili na vifaa. Ongeza ukurasa mmoja kwa kila mtu: kazi alizojifunza, ngazi ya imani aliyofikia kwa kila kazi, anachojifunza sasa, na ahadi ulizompa ambazo hazijatimia. Msomee mwenyewe kabla hujaukabidhi, arekebishe pasipo sawa, kisha umpe mrithi wako.